Nyapara wa Chai ya Kosa

Nyapara wetu alikuwa na filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya katani, na kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake niliisikia ikilia mara moja tu. Siku hiyo ilisimamisha garimoshi. Siku nyingine zote ilikaa kifuani ikigongana na vifungo vya koti lake la kaki, nasi wanawake wa magunia tulimtania kwamba anaivaa kama mkufu.

"Hii si ya kupuliza," alikuwa akitujibu. "Hii ni ya kuonyesha Bwana kwamba niko nayo."

Ninamwita Nyapara kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomwita sote, hata watoto wetu. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, babake alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo waulizwe watu wa kwao. Mimi nilimjua bandani, na kwangu mimi mtu huyo alianzia mlangoni pa banda, asubuhi, kofia kichwani, akitusubiri.

Kinu chetu cha unga kilikuwa kando ya reli, Nakuru, upande ule ambao upepo wa alasiri ulituletea vumbi jeupe la ziwani likachanganyika na vumbi la unga, mpaka usijue unapiga chafya kwa ajili ya lipi. Nyuma ya kinu palikuwa na banda refu la mabati. Humo ndimo yalimorudi magunia kutoka mashambani, Molo, Njoro, Subukia, yakungutwe, yanuswe, yatiwe viraka, kisha yaende kujazwa unga. Mtu asidhani kushona ndiko kulikokuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa kunusa. Mwenye shamba akishamaliza mahindi yake haoni vibaya kutilia gunia lile lile makaa, au mbolea, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, kisha akalirudisha kinuni limekunjwa vizuri kama shuka la mgeni. Kwa hiyo kila gunia lilipita puani pa mmoja wetu kabla ya kufika kwenye sindano. Gunia baya lilifungwa uzi mwekundu likatupwa pembeni kungoja kuchomwa.

Ndiyo maana salamu yake ilikuwa tofauti na salamu za watu wengine. Alisimama mlangoni akamwita kila mmoja kwa jina, akauliza jambo moja la jana, kama mtoto ameacha kukohoa, kama ile barua kutoka nyumbani imefika, kisha akamalizia, "Pua iko?"

Ukiwa mzima ulijibu, "Iko."

Ukiwa na mafua ulijibu, "Haiko."

"Basi shika sindano," alisema, nawe siku hiyo ukashona tu, mwingine akanusa kwa niaba yako. Hakuna aliyekuuliza zaidi wala kukununia. Watu wa mjini waliotusikia tukisalimiana hivyo sokoni waliona tumepungukiwa na akili kidogo.

Manyapara wengine wa siku hizo mmesikia habari zao. Upande wa mashine kulikuwa na mmoja aliyekuwa akipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na watu wake walimchukia kwa moyo wao wote. Mashine zake zilikuwa zinaharibika kila mara na hakuna aliyejua kwa nini. Sisi tulijua. Wa kwetu alikuwa na njia yake ya kukemea. Ukifanya upumbavu alikuita polepole, "Njoo tuangalie mizani," mkaenda nyuma ya banda palipokuwa na ile mizani kubwa ya kupimia magunia. Alivua kofia, akasema, "Kofia ni ya kampuni. Haya maneno ni yangu," halafu akakueleza ukweli wako wote bila kupandisha sauti. Ulirudi umelowa jasho, lakini wenzako walikuwa wameambiwa mnaangalia mizani, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nadhani hapakuwa na mizani iliyoangaliwa zaidi ya ile katika Bonde la Ufa zima.

Sifa, kwa upande mwingine, alizitoa hadharani, tena bila haya. Ukitia kiraka kizuri alilibeba lile gunia mikononi kama mtoto mchanga akalipitisha kwa kila mtu. "Angalia hii! Angalia mkono ya huyu mama!" Aliyesifiwa alitamani ardhi impasukie, lakini kesho yake alishona vizuri zaidi. Mimi nilisubiri sana gunia langu libebwe, na lilipobebwa nilijifanya sikuona, kisha nikalizungumza nyumbani wiki nzima.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Kwa sukari alikuwa bahili kupita kiasi. Mkebe wa sukari ya chai ulifungwa kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye mshipi wa kaptura yake, nasi tukiongezewa hata chembe alitazama kama tunamnywa damu. Akishindwa drafti, ile ya kucheza na vizibo vya chupa, alinuna mpaka Jumatatu. Alituhubiria kila mara kwamba umbeya unaharibu kazi, watu wasisengenyane, kisha dakika chache baadaye unamwona amekusogelea pale penye rundo, anatazama pembeni, anauliza kwa sauti ya chini, "Lakini kweli, alisema hivyo?" Na siku kinyonga alipoonekana juu ya magunia ya Njoro, mtu huyu tuliyemwona jasiri alikuwa wa kwanza kufika nje, na hakurudi mpaka Wafula, mpakiaji wetu mrefu kutoka Bungoma, alipomtoa kwa fimbo na kuapa kwa jina la mamake kwamba amekwenda.

Wakati wa chai alikuwa na sheria moja ambayo mwanzoni iliwaudhi wengi. Hukai karibu na mtu wa kwenu. Wa Maragoli akae na wa Kericho, wa Kisumu akae na wa Kiambu. Tulilalamika kwamba hatuna la kuzungumza. "Zungumzeni magunia," akasema. Tukazungumza magunia, halafu waume, halafu watoto, na muda si mrefu nilijua kuomba chumvi kwa lugha nyingi kuliko nilivyojua sala.

Kila mtu alikuwa na kikombe chake cha bati, na kila kikombe kilikuwa na msumari wake ukutani. Ilipokuja miaka ile ya misako ya Hali ya Hatari, asubuhi moja lori lilisimama langoni likawachukua wenzetu Wakikuyu, wengine hata aproni hawakuvua. Banda lilikuwa kubwa siku hiyo. Baadaye mtu akasema vile vikombe vitolewe, misumari wapewe wapya. Nyapara akasema, "Wao ndio wameenda. Vikombe haijaenda." Askari mmoja alipokuja akauliza ni vya nani, alijibiwa ni vya wageni. Na kila Jumamosi tulipoosha vyetu, yeye aliviosha vile kwa mkono wake, akavikausha, akavirudisha. Baadhi yao walirudi, wakakuta vikombe vyao vinang'aa. Wengine hatukuwaona tena, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nifike kwenye chai yenyewe, maana bila hiyo mtu hawezi kumwelewa.

Kulikuwa na birika kubwa jeusi, na kwa kawaida tulipeana zamu ya kumimina. Lakini ukiwa umefanya kosa kazini, na ukalitaja mwenyewe kabla halijagunduliwa, hukupelekwa kwenye mizani wala kwa Bwana, meneja wa kinu. Ulinyanyuka saa ya chai ukachukua birika kutoka kwa mwenye zamu, ukammiminia kila mtu. Hapo sote tulijua. Hakuna aliyegusa kikombe chake. Ukamaliza, ukasimama katikati, ukasema ulichokosea. Aliyeridhika alikunywa. Asiyeridhika alipindua kikombe chake juu ya meza na kueleza kwa nini, na jambo likajadiliwa mpaka akubali kumiminiwa tena na kunywa. Mwishowe sote tulisema, "Tumekunywa," tukaenda kulitengeneza kosa pamoja, na tangu hapo haikuruhusiwa kulitaja tena, hata mkigombania mtungi bombani. Hiyo tuliiita chai ya kosa.

Yalimiminwa makubwa na madogo. Wafula alimimina kwa kuangusha gunia juu ya kitoroli mpaka kikapinda. Mama Akinyi alishona gunia pamoja na upindo wa gauni lake, akasimama, gunia likasimama naye, akavuka nalo banda zima kulifuata birika, akidai kwamba kwa vile ametangulia kusimama kabla hatujacheka, hilo limehesabika kutajwa mapema. Nyapara alifikiri sana, akamkubalia. Tulikunywa chai ile huku ikitutoka puani.

Basi akaja Meneja mpya kutoka Nairobi, Mzungu kijana mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakuwa mtu mbaya. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia kinu kinapata hasara, na yeye akatuwekea sheria ya kutuponya. Mwenye mafua arudi nyumbani bila mshahara wa siku hiyo. Mwenye kosa afukuzwe hapo hapo. Nyapara alipanda ofisini kumweleza, akarudi amevaa kofia mpaka kwenye nyusi, hakutuambia walichozungumza.

Mlangoni aliendelea kutuuliza, "Pua iko?" na ajabu ni kwamba kuanzia wiki ile pua zetu zote zikawa ziko. Mvua ya Julai ilinyesha, watu wakakohoa mpaka mabati yakatikisika, lakini kila mtu alijibu, "Iko." Birika la makosa likakosa mmiminaji. Mgeni angedhani tumekuwa mafundi ghafla. Nyapara hakufurahi hata kidogo. "Hii kimya sipendi," aliniambia.

Kati yetu alikuwamo Rael, mjane kutoka upande wa Kericho, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Alikuwa na watoto wadogo, na walikaa chumba cha kampuni pale nyuma ya kinu. Akifukuzwa kazi, chumba kinaondoka jioni hiyo hiyo, na hakuwa na pa kuwapeleka wale watoto. Sote tulilijua hilo, na Rael alilijua kuliko sisi.

Asubuhi ninayoikumbuka kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Rael alifika mlangoni macho yanachuruzika. "Pua iko?" "Iko, Nyapara." Nilikuwa nyuma yake, nikamwona Nyapara akimtazama, kisha akatazama kando, akamwacha apite. Rael akanusa magunia ya Subukia. Yakapita, yakajazwa, na kabla ya saa ya chai yalikuwa ndani ya behewa, yakingoja kuungwa kwenye garimoshi la kwenda Kisumu.

Saa nne tukakaa kunywa chai. Meneja akaingia, amekunja mabega kwa baridi, akikagua. Nyapara akampa kikombe cha wageni. Rael alikuwa ameinamia kikombe chake akivuta mvuke, na nadhani mvuke huo ndio uliomfungua pua. Nilimwona anainua kichwa. Akanusa mkono wa blauzi yake. Akanusa tena. Kisha akalitazama lile birika, nikajua analofikiri, na nilitamani kumkalisha chini kwa nguvu.

Aliinuka. Akalichukua birika kutoka kwa mwenye zamu, akaanza kumimina juu ya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Alipomfikia Meneja, yule kijana alinyoosha kikombe chake kwa furaha.

"Asante sana, mama. Hii chai mzuri," akasema, akanywa, akanywa tena mpaka akakimaliza. Sisi wengine tulikuwa tumekaa tu na vikombe mikononi, tukimtazama.

Rael akasimama katikati. "Mimi niko na mafua," akasema. "Nilificha. Magunia ya Subukia inanuka dawa ya ng'ombe. Mimi ndiye nilipitisha, na iko ndani ya behewa."

Nyapara hakungoja amalize. Sijawahi kumwona mzee akikimbia namna ile. Alifika nje tukasikia ile filimbi, ndefu, kali, inapasua masikio, na nyuma yake vyuma vikigongana na mvuke ukifoka, na dereva akitukana kwa lugha ambazo hata mimi na vikao vyangu vyote vya chai sikuzijua. Garimoshi lilikuwa limeshaanza kulivuta behewa. Likasimama.

Aliporudi anahema, Meneja alikuwa amekuwa mwekundu kama uzi wa magunia mabaya. "Wewe," alimwambia Rael, "kazi kwisha. Toka."

Nyapara akavua kofia. Hakumwita kwenye mizani, akasema hapo hapo mbele yetu. "Bwana amekunywa."

"Nini?"

"Chai. Hapa kwetu mtu akikosa na akasema mwenyewe, anamimina chai. Ukikunywa, hiyo maneno imeisha. Bwana amekunywa yote."

"Mimi hapana jua hiyo sheria!"

"Kweli, Bwana. Hiyo kikombe ulikunywa bila kujua, si haki nikufunge nayo." Akalitwaa birika mkononi mwa Rael. "Basi sasa unajua. Hii ni ya kwangu. Asubuhi niliuliza huyu mama kama pua iko. Akaniambia iko, na mimi niliona kwa macho yangu kwamba haiko, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa sheria yako kama yeye. Kama ni kufukuza, anza na mimi mwenye kuona." Akamimina kikombe cha Meneja mpaka pomoni. "Kama hujaridhika, pindua hapo mezani."

Kusema kweli niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliwaza watoto wa Rael, niliwaza banda bila mtu yule mlangoni, na nilimchukia Meneja kwa roho yangu yote, ingawa alikuwa bado hajafanya lolote. Alikizungusha kile kikombe mkononi. Nje garimoshi lilikuwa likipumua.

"Kama huyu mama nyamaza," akauliza mwishowe, "nini ingetokea?"

"Unga ingefika kwa watu, Bwana. Watu ingekula."

Yule kijana akakitazama kikombe. Kisha akakinywa polepole, mpaka mwisho, ingawa kilikuwa moto na nina hakika kilimuunguza. Hakujua kwamba kuna neno la kusema, kwa hiyo tukamsemea sote pamoja, "Tumekunywa!" na Wafula akawa wa kwanza kulikimbilia behewa. Tuliyateremsha magunia yote wenyewe, na Meneja alibeba moja vibaya sana, likamwangukia.

Zile sheria hazikutajwa tena, si mafua wala kufukuzwa. Hakuzifuta kwa tangazo, alizisahau tu kiungwana. Kesho yake mlangoni nusu ya banda ilijibu, "Haiko," na kazi ya kushona ilikwenda haraka ajabu. Na miezi kadhaa baadaye Meneja aliingia saa ya chai, akalichukua birika bila kusema kitu, akamimina nusu mezani na nusu vikombeni, akatangaza kwamba amesahau kuagiza uzi. Nyapara alimfungulia mkebe wa sukari kwa mkono wake mwenyewe. Heshima hiyo sisi hatukuwahi kuipata.

Mimi niliacha kazi pale nilipoolewa, na baadaye sana nikawa msimamizi wa jiko la shule. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kupigilia misumari ukutani. Wapishi wangu walinicheka, halafu wakazoea. Niliwahi kuambiwa kwamba jiko langu halina ugomvi, nikaulizwa nimefanyaje, nikasema nilifundishwa na mtu wa magunia.

Mara ya mwisho nilimwona kwake, Sachangwan, alikokuwa amepata kishamba cha viazi na pareto baada ya kustaafu. Ukungu ulikuwa umefika mpaka ukingo wa paa. Mke wa mwanawe alinikaribisha, na yeye nikamkuta ameketi karibu na moto, amepungua mwili, ile filimbi imetundikwa msumarini juu ya kichwa chake. "Karibu mama, karibu sana," alisema, tukazungumza viazi, tukazungumza baridi, tukazungumza bei ya pareto. Alicheka mahali pa kucheka. Lakini kila mara alikuwa akinitupia jicho, kisha anarudi kutazama moto.

Chai ilipoletwa, binti huyo, mkwewe, alitaka kumimina. Mzee akamzuia. Aliinuka kwa shida, akashika birika kwa mikono yote miwili, akanimiminia, akammiminia binti, chai nyingine ikamwagika, mkeka ukalowa. Binti alikipeleka kikombe mdomoni. Mimi nilikishika changu bila kukinywa, nikangoja.

Alibaki amesimama katikati ya nyumba yake. "Mama," akasema, "nimesahau jina lako. Tangu umeingia mimi natafuta, sipati."

Huyu ndiye mtu aliyetuita banda zima kwa majina, kila asubuhi, mlangoni, miaka yote ile. Angeweza kuniita mama mpaka nikaondoka na nisingejua. Nilikunywa chai ile yote kwa pumzi moja, ikaniunguza koo.

"Nimekunywa, Nyapara," nikasema. Kisha nikamwambia jina langu.

Alilirudia polepole, uso ukamfunguka, akaketi. Akanitazama vizuri sasa, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu aliyesimama mlangoni pa banda.

"Pua iko?" akauliza.

Machozi yalikuwa yamenijaa mpaka puani, sikuweza hata kuvuta hewa.

"Haiko, Nyapara."

"Basi shika sindano," akasema.